Bei Chee ya Orlando

Kisa ninachokisimulia hapa ni cha familia moja ya Kitanzania inayoishi Columbus, jimbo la Ohio. Wenyewe wameniruhusu nikiandike mradi nisitaje majina, na baba mwenye nyumba alinisihi jambo moja: nisiwafanye waonekane wajinga. Sitafanya hivyo, kwa sababu si wajinga. Yeye ni fundi umeme mwenye leseni, mkewe ni muuguzi, na ni watu wa kuhesabu senti kabla ya kuitoa. Ukiona watu wa namna hiyo wamenaswa, ujue mtego ulitegwa vizuri, na mimi na wewe tukipita njia hiyo hiyo tutanaswa vilevile.

Mwaka huo bibi, mama yake baba, alikuwa amekuja kutoka Tanga kuwatembelea. Watoto ni watatu. Wa kwanza alikuwa na miaka 10, wa pili 6, na wa mwisho hajatimiza 3. Kila wakifungua shule walikuwa wakirudi na hadithi za wenzao waliopelekwa Disney, kule Florida, na wazazi walikuwa wakiahidi kila mwaka na kuahirisha kila mwaka. Safari hii wakaona wasiahirishe tena. Bibi yupo, shule zimefungwa, twende sote.

Kwa msomaji ambaye hajafika huko, nieleze kidogo, maana makosa mengi huanzia kwenye ramani. Walt Disney World ilifunguliwa Oktoba 1971. Siyo bustani moja bali ni bustani nne za burudani: Magic Kingdom ya tangu mwanzo, EPCOT ya mwaka 1982, Hollywood Studios ya 1989, na Animal Kingdom ya 1998. Eneo lake lote linakaribia kilomita za mraba 100, na haliko Orlando mjini, liko kusini-magharibi ya mji. Universal nao wana bustani zao kando ya barabara kuu ya I-4, na mwaka 2025 wakaongeza nyingine, Epic Universe. Katikati na pembezoni mwa hayo yote zimejaa hoteli, moteli na nyumba za kupanga, kuanzia za bei ya mtu wa kawaida hadi zile ambazo ukitajiwa bei unaomba urudiwe. Karibu zote zinajiita "za Disney" au "karibu na Disney". Neno hilo halilipiwi ushuru.

Mama ndiye aliyeanza, bila kukusudia. Siku moja ndani ya jengo la maduka alipita kwenye meza yenye puto na picha ya kasri, akajaza karatasi ya bahati nasibu ya kushinda safari. Akaandika jina na namba ya simu, akaendelea na shughuli zake. Wiki chache baadaye simu ikapigwa. Hakushinda ile safari kubwa, akaambiwa, lakini "amechaguliwa" kupata nafasi maalumu: usiku tatu hotelini na tiketi mbili za Disney, vyote kwa chini ya dola 200. Sharti lilikuwa moja tu, nalo lilisemwa haraka haraka kama mtu anayesoma maandishi madogo ya dawa. Mume na mke wahudhurie maelezo ya dakika 90 kuhusu "klabu ya likizo".

Hapo nataka tusimame, kwa sababu kabla hata hajatoa senti mama alikuwa ameshaonyeshwa karibu kila kitu alichohitaji kukijua. Yule mpigaji alikuwa na maswali. Umeolewa? Mumeo atakuja nawe? Kipato cha nyumba yenu kwa mwaka kinazidi kiasi hiki? Mna kadi ya mkopo? Mama alijibu yote, akidhani ni taratibu za kuweka nafasi. Lakini hebu tujiulize: mwenye hoteli anayetaka kukupangisha chumba ana haja gani na mshahara wako na ndoa yako? Anataka kitambulisho na fedha yake, basi. Anayekuuliza kipato anakupima kwa ajili ya kitu kingine kikubwa kuliko chumba. Na hilo sharti la kuja wawili halikuwekwa kwa heshima ya ndoa. Akija mmoja anaweza kusema, "Ngoja nikashauriane na mwenzangu," akatoka salama. Wakija wote wawili, mlango huo umeshafungwa.

Jioni ile habari ilipofikishwa sebuleni, bibi aliuliza swali moja tu.

"Mwanangu, huyo anayewalaza kwa bei hiyo, yeye atakula nini?"

Mwanawe akacheka, akamwambia huku Marekani biashara zina ushindani, mama, makampuni yanagombea wateja. Bibi akasema haya, akaendelea kumchana mjukuu wake nywele. Baba ananiambia swali hilo linamrudia mpaka leo akiwa juu ya ngazi anafunga nyaya.

Kwa kuwa wengine hatukijui kitu chenyewe, nikieleze. Klabu hizo za likizo ndizo zinazoitwa taimshea. Unanunua haki ya kukaa katika hoteli au makazi fulani kwa zamu, pengine wiki moja kila mwaka, au unapewa pointi za kutumia ndani ya mtandao wa hoteli za kampuni. Unalipa bei ya kununua, mara nyingi kwa mkopo wa kampuni yenyewe wenye riba ya juu, na juu yake unalipa ada ya matunzo kila mwaka, uende usiende. Ada hiyo hupanda. Biashara yenyewe ni halali, na wapo wanaoifurahia. Disney wenyewe wana mpango wao tangu 1991. Ila chumba cha bei ya kutupwa kinachotolewa ili ukasikilize maelezo ni chambo, na gharama ya chambo hicho imeshahesabiwa ndani ya bei ya wale watakaonunua.

Dalili nyingine zilikuwa kwenye barua pepe ya uthibitisho, na hizi ndizo zinazoniuma zaidi kwa sababu ziliandikwa kabisa, hazikufichwa. Chumba kilikuwa cha watu wazima wawili na watoto wawili. Wao walikuwa sita. Mama aliona, akasema watabanana, bibi atalala na wadogo. Jina la hoteli halikutajwa. Pameandikwa "au inayolingana nayo", eneo la Orlando. Mtu anayekuuzia kulala bila kukuambia utalala wapi anakuuzia nini hasa? Tena chini kabisa palikuwa na mstari kwamba ada za hoteli na kodi hulipwa pale pale mtu anapofika.

Waliona yote hayo. Baba alikiri kwangu kwamba aliusoma mstari ule mara mbili. Lakini tiketi za ndege zilikuwa zimeshalipwa, watoto wameshaambiwa, na mtu akishawaambia watoto huwa hasomi tena kwa jicho la kukataa. Anasoma akitafuta sababu ya kukubali. Hiyo ni hali ya sisi sote.

Walipotua Orlando walishangaa kukuta hakuna basi la bure la Disney uwanjani. Rafiki aliyewahi kwenda zamani alikuwa amewaambia lipo. Lilikuwepo kweli, tena kwa wageni wa hoteli za Disney wenyewe tu, na lilikoma mwanzoni mwa 2022. Wakakodi teksi kubwa ya watu sita. Hoteli ilikuwa upande wa mashariki wa mji wa Kissimmee, kando ya barabara ya 192, zaidi ya kilomita 25 kutoka Magic Kingdom. Barabara hiyo ni ndefu, nayo ni ile ile inayopita jirani kabisa na Disney kwa upande wa magharibi, kwa hiyo mtu akisema "ipo 192, njia ya Disney" hasemi uongo.

Mapokezi, mhudumu akawahesabu kwa macho, akatikisa kichwa. Watu sita hawalali chumba kimoja cha wanne, ni kanuni. Chumba cha pili wakatozwa bei kamili ya usiku ule, ya msimu wa kiangazi. Ikaja ada ya hoteli ya kila siku kwa kila chumba, ile wanayosema ni ya intaneti, bwawa la kuogelea na taulo. Ikaja kodi, ambayo katika wilaya ile inazidi asilimia 12. Ule usiku wa bei chee ulikuwa umeshapita bei ya hoteli ambayo mama aliiacha kwa kuiona ghali, na bado hawajafungua mabegi.

Nitaje hapa kwamba tangu Mei 12, 2025 kuna kanuni ya serikali ya Marekani inayowataka wanaouza malazi ya muda mfupi waonyeshe bei nzima, pamoja na ada za lazima, tangu mwanzo wanapotangaza bei. Ni msaada mkubwa. Lakini kodi zinaweza kubaki nje ya bei hiyo, na vitu vinavyohesabiwa kuwa vya hiari, kama kuegesha gari, pia. Kwa hiyo kalamu na karatasi bado vina kazi.

Maelezo ya klabu yalipangwa saa mbili na nusu asubuhi ya kesho yake, siku ile ile waliyokuwa wamenunua tiketi za Magic Kingdom kwa bibi na watoto. Tiketi za siku moja huwa na tarehe yake. Mtoto wa miaka 10 alilipiwa kama mtu mzima, maana Disney ndivyo wanavyohesabu. Wa miaka 6 akalipa ya mtoto. Yule asiyetimiza 3 aliingia bure. Tiketi mbili za wazazi zilikuwa ndiyo "zawadi", na zawadi inatolewa baada ya maelezo. Mpango ukawa wazazi waende asubuhi, saa nne wamemaliza, wawachukue bibi na watoto hotelini, saa tano wako ndani.

Ukumbi ulikuwa mzuri, wananiambia. Kahawa, matunda, mayai, viti vya kukaa wawili wawili na mwenyeji wenu. Mwenyeji wao alikuwa kijana mcheshi aliyefurahi kusikia Tanzania. Ndoto yake, akasema, ni kupanda Kilimanjaro. Akauliza kuhusu watoto, kuhusu bibi. Aliuliza walitumia kiasi gani kwa likizo hii. Wakamwambia, pamoja na chumba cha pili. Akaandika ile tarakimu kwenye karatasi, akaizidisha kwa miaka 20 mbele yao, akaizungushia duara na kuigeuza upande wao ili waitazame. Hakusema kitu kwa muda. Kisha: "Hizi fedha mtazitoa hata hivyo. Swali ni kama zitabaki na kitu mkononi mwenu."

Nimeifikiria sana hiyo karatasi. Tarakimu aliyoizidisha ilikuwa na gharama za hoteli mbovu waliyopewa na watu wake mwenyewe. Hesabu ya kuzidisha ilikuwa sahihi, lakini nani kati yetu huenda Disney kila mwaka kwa miaka 20?

Baada ya hapo walionyeshwa chumba cha mfano. Kina jiko kamili, mashine ya kufulia, vitanda vya kutosha watu sita. Mama alitazama lile jiko akamfikiria mkwewe ambaye tangu jana hakula kitu cha maana zaidi ya mkate wa dukani. Hapo ndipo moyo wake ulipolegea, alisema mwenyewe, na sioni aibu yoyote katika hilo. Waliporudi mezani bei ikatajwa. Baba akasema hapana. Saa nne ilikuwa imepita. Akaja msimamizi, bei ikashuka, lakini ni ya leo tu, wakitoka mlangoni haipo. Baba akasema hapana tena. Akaja wa tatu, na kifurushi kidogo zaidi, malipo ya awali kidogo, kadi ya mkopo inafunguliwa hapo hapo mezani. Kila baada ya muda mtu mmoja alikuwa akisimama na kutangaza familia iliyojiunga, ukumbi mzima unapiga makofi.

Simu ya mama ikawa inaita. "Mama, mnakuja saa ngapi?" Saa tano. "Mama, bibi anasema tule nini?" Saa sita.

Saa saba na kitu walisaini. Nilimuuliza baba alishawishika na nini hasa, akanijibu kwamba hakushawishika. Alisaini ili atoke. Alikuwa amechoka, ana njaa, anawaza watoto waliovaa viatu tangu alfajiri wakisubiri kitandani, na akili ikamwambia kwamba njia fupi ya kuufikia mlango ni kalamu. Mkewe akaongeza kwamba alijipa moyo kuwa angalau tatizo la wapi pa kulala litakuwa limekwisha moja kwa moja. Walipewa tiketi zao mbili, na mkoba mzuri wa ngozi bandia wenye mkataba na nyaraka nyingine za unene wa Kurani.

Basi dogo la hoteli lilikuwa limeondoka asubuhi; linakwenda mara moja na kurudi mara moja. Wakakodi teksi tena. Na hapa ramani ikawaadhibu kwa mara ya pili. Magari ya nje hayafiki kwenye lango la Magic Kingdom. Yanaishia kwenye kituo kikubwa cha tiketi ng'ambo ya ziwa, na kutoka hapo unapanda feri au treni ya reli moja. Foleni ya ukaguzi, foleni ya feri, bibi na magoti yake. Walikanyaga ndani ya bustani kama saa kumi kasorobo, wakati wa joto kali kuliko yote na foleni ndefu kuliko zote, na dakika chache baadaye ikanyesha mvua ya radi ya kiangazi cha Florida, na michezo ya nje ikafungwa. Asubuhi, saa zile ambazo mtu mwenye watoto wadogo hufanya mambo yake yote ya maana, walikuwa wamezitumia kupigiwa makofi.

Basi la kurudi liliondoka kabla ya fataki. Animal Kingdom, waliyoipanga kesho yake kwa ajili ya bibi hasa, ilifutwa. Fedha yake ilikwenda kwenye chumba cha pili na magari ya kukodi. Ndani ya bustani hiyo kuna kijiji kiitwacho Harambe, kilichojengwa kwa kuiga miji ya pwani yetu, chenye vibao vya Kiswahili, na watoto walikuwa na hamu ya kumwona bibi akivisoma kwa sauti. Bibi mwenyewe hakulalamika. Alisema simba wako Saadani.

Waliporudi Columbus, maisha yakawameza kama kawaida. Zamu za usiku, nguo za shule, kumfungia bibi mizigo ya kurudi nyumbani. Ule mkoba ulikuwa chini ya sanduku, pamoja na viatu vilivyolowa mvua. Mama aliufungua siku ya 13, akitafuta risiti. Sentensi ilikuwa juu kidogo ya sahihi zao wenyewe, kwa herufi nzito: mnunuzi ana haki ya kuufuta mkataba bila adhabu yoyote ndani ya siku 10.

Sheria hiyo ya jimbo la Florida ni nzuri, na kila Mswahili anayekwenda huko anapaswa kuijua kabla ya kujua jina la mchezo wowote. Siku 10 zinahesabiwa kwa kalenda, Jumapili na sikukuu zimo, kuanzia siku uliyosaini au siku uliyopokea waraka wa mwisho unaotakiwa kupewa, ile iliyo ya baadaye. Unaandika barua kusema unafuta; huhitaji kutoa sababu. Barua inahesabiwa tangu tarehe uliyoituma, siyo tarehe waliyoipokea, ndiyo maana inafaa itumwe kwa rejesta ubaki na stakabadhi. Hata ukisainishwa karatasi inayosema umeiacha haki hiyo, karatasi hiyo haina nguvu. Lakini simu haitoshi, na ukimya ni kukubali. Waliipigia kampuni siku ile ile ya 13. Kampuni iliongea nao kwa adabu sana, ikawaambia muda umepita.

Mpaka ninapoandika, wanalipa mkopo kila mwezi na ada ya matunzo kila mwaka. Walijaribu kuuza. Waligundua kwamba katika masoko ya mtandaoni watu wanatangaza zao kwa dola 1 na bado hawapati wa kuzichukua. Halafu akatokea mtu kwenye simu, anajua kila kitu kuhusu mkataba wao, ana mnunuzi tayari. Anachohitaji ni ada yake itangulie. Safari hii mama hakuyumba. Akamwambia akate ada yake kutoka kwenye fedha ya mauzo. Simu ikakatwa upande wa pili. Huo ni utapeli wa pili unaowafuata waliokwisha kuumizwa mara moja, na mamlaka za Marekani zimewaonya watu mara nyingi kuhusu wanaodai malipo kabla ya kumtoa mtu kwenye taimshea.

Nilipoketi nao kuyapitia haya, tulikubaliana kwamba kosa halikuanza ukumbini. Lilianza pale walipochagua pa kulala kwa kutazama bei ya usiku mmoja peke yake, kabla ya kujiuliza siku itakwendaje. Sisi wengi tunafanya hivyo. Tunafungua tovuti, tunapanga kuanzia bei ya chini kwenda juu, tunaishia mstari wa tatu. Lakini kwa safari ya bustani za burudani, chumba ni sehemu ya siku. Mwenye kulala ndani ya hoteli ya Disney haegeshi kwa dola 30 au zaidi kwa siku, anaingia bustanini nusu saa kabla ya wengine, na basi lake linamshusha mlangoni mwa Magic Kingdom bila kupita ng'ambo ya ziwa. Hoteli hizo kwa jumla ni ghali, lakini zipo za daraja la chini, na mbili kati yake, All-Star Music na Art of Animation, zina vyumba vya familia vinavyopokea watu sita. Mwingine atafanya vizuri zaidi kupanga nyumba nzima yenye jiko upande wa magharibi wa Kissimmee, apike wali wake asubuhi na kuufungasha, kwa sababu Disney wanaruhusu mtu aingie na chakula chake mradi hakuna chupa za kioo wala pombe. Huyo lakini awe na gari. Na anayekwenda kwa ajili ya Universal hana sababu ya kulala Kissimmee hata kama chumba ni cha bure.

Familia ya watu sita yenye mzee wa magoti na mtoto wa miaka miwili ingekaa mezani jioni moja na kuandika: tunaamka saa ngapi, tunafikaje, mtoto akichoka saa nane tunarudije, nani anabaki na bibi. Kila hoteli kwenye orodha ingejibu maswali hayo. Ile isiyotaja jina lake ingeanguka kwenye swali la kwanza. Kisha wangejumlisha bei kwa siku zote: chumba, ada, kodi, maegesho, usafiri. Tulifanya hesabu hiyo na baba nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu, pamoja na gari la kukodi kwa siku zote nne, ilikuwa nafuu kuliko walichotoa, hata tukiuacha mkataba wenyewe nje.

Likizo za shule ziko karibu, na najua simu za aina ile zitaanza tena, pamoja na meza zenye puto ndani ya majengo ya maduka. Kama umeshaahidiwa chumba cha bei chee na umeulizwa kipato chako, kata simu. Na kama umekwisha kwenda na umesaini, usisubiri kurudi nyumbani. Fungua huo mkoba usiku huu huu, tafuta anwani iliyoandikwa karibu na sahihi yako, andika barua ya mistari miwili, na kesho asubuhi kabla ya kwenda popote na watoto pitia posta.